Jacob Riis, mgeni aliyewapeleka wapiga picha vichochoroni

Kundi la wapiga picha likimwalika mtaalamu aje kuzungumza, maswali huwa ni yale yale: kamera gani, lenzi gani, ulipiga saa ngapi. Sina ubaya nayo. Lakini katika mazungumzo yote ya aina hii ninayoyajua, kuna moja ninaloliweka mbele ya mengine. Lilifanyika usiku wa tarehe 25 Januari 1888 jijini New York, pale chama cha wapiga picha wa ridhaa wa jiji hilo kilipompa jukwaa mwandishi wa habari za polisi, ambaye kamera yake mwenyewe ilikuwa bado mpya mkononi. Mtu huyo ni Jacob Riis.

Alizaliwa mwaka 1849 Ribe, mji mdogo wa Denmark, baba yake akiwa mwalimu. Yeye akajifunza useremala. Akampenda binti wa nyumba yenye mali, Elisabeth, akamposa, akakataliwa. Mwaka 1870 akapanda meli kwenda Marekani, na rafiki zake wakamchangia dola 40 za njiani. Alipotua New York, nusu ya pesa alizokuwa nazo akanunulia bastola, maana alidhani nchi nzima ni pori. Akaifunga kiunoni nje ya koti na kutembea nayo mjini, mpaka askari mmoja akamshauri kwa upole aifiche.

Miaka iliyofuata ilimchapa. Alifanya kazi za useremala, za mgodini na za kufyatua matofali, akauza pasi mlango kwa mlango, na kuna siku alilala njaa. Usiku mmoja wa mvua alikwenda kulala katika chumba cha masikini ndani ya kituo cha polisi. Alipoamka, kidani chake cha dhahabu kilikuwa kimeibwa. Alipolalamika akatupwa nje, na mbwa mdogo aliyekuwa amemfuata na kumsubiri mlangoni akauawa na askari mbele ya macho yake. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mtu aliyelala mahali pale hakuhitaji kusimuliwa umasikini.

Mwaka 1873 akaingia katika uandishi wa habari, na mwaka 1876 akarudi Denmark akamwoa yule yule Elisabeth. (Wenye kukata tamaa mapema na wasome hapo.) Kuanzia 1877 aliandikia gazeti la New York Tribune habari za polisi, ofisi yake ikiwa mtaa wa Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi. Karibu na hapo palikuwa na Mulberry Bend, vichochoro vya wahamiaji waliojazana vyumba vya giza, wakilipa kodi kubwa kwa chumba kisicho na dirisha. Riis alipita humo usiku wa manane, akaandika, akaandika tena. Wasomaji walisoma, wakakunja gazeti.

Alitaka picha, lakini giza lilimshinda. Siku moja mwaka 1887, akipata kiamshakinywa, alisoma gazetini kwamba Wajerumani wamebuni unga wa magnesiamu unaowaka ghafla na kutoa mwanga wa kutosha kupiga picha usiku. Akamwendea rafiki yake, Dkt John Nagle wa idara ya afya, ambaye alikuwa mpiga picha wa ridhaa. Wakaungana na wapenzi wengine wawili wa kamera, Henry Piffard na Richard Hoe Lawrence, wakaanza kuingia vichochoroni usiku. Mwanzoni unga ule ulilipuliwa kwa kifaa mfano wa bastola, na wenye vyumba wakakimbia. Riis akabadilisha, akawa anauwashia katika kikaangio. Hata hivyo mara mbili alitia moto nyumba za watu, na mara moja akajiunguza nguo. Wenzake walipochoka na safari za usiku, akanunua kamera yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyofika mbele ya chama kile. Waliokaa ukumbini walikuwa watu wenye nafasi na pesa, kwa sababu kamera wakati huo haikuwa mchezo wa kila mtu. Walikuja kuona mwanga mpya unavyofanya kazi. Riis akarusha ukutani, kwa taa ya slaidi za kioo, picha takriban mia moja: wanaume waliolala bega kwa bega sakafuni kwa senti tano, watoto waliojikunja juu ya vyuma vya madirisha ya chini, kina mama wakishona chumba kile kile wanachopikia. Mwishoni akawaonyesha makaburi ya masikini, ambapo majeneza yalipangwa ndani ya handaki moja. Hayo yote yalikuwa kwenye kisiwa kile kile cha Manhattan walichokaa wao, isipokuwa makaburi. Walioitwa kutazama ufundi wakajikuta wanatazamana na majirani zao.

Magazeti yakaandika. Makanisa yakasitasita kumpa mimbari, hata kanisa lake mwenyewe, naye akaacha ushemasi. Baadaye milango ikafunguka: jarida la Scribner's likatoa makala yake mwishoni mwa 1889, na mwaka 1890 kikatoka kitabu, How the Other Half Lives. Theodore Roosevelt alikisoma akaenda kumtafuta ofisini. Alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi mwaka 1895, wawili hao walizunguka mji usiku pamoja, na mwaka 1896 vile vyumba vya kulala vya polisi vikafungwa. Mulberry Bend ikabomolewa, pakawa bustani mwaka 1897. Siku ya ufunguzi hakualikwa rasmi.

Sitaki kumfanya walii. Riis aliandika juu ya Wayahudi, Waitaliano na Wachina kwa dharau isiyofaa, na sura moja ya kitabu chake inawaita watoto wa mitaani kwa jina la Waarabu, kama ilivyokuwa desturi ya Kiingereza cha siku zile. Wengine aliwawekea pozi: wale watoto walioonekana wamelala, baadhi yao walikuwa wamefumba macho tu kwa kuombwa. Kibaya zaidi kwangu ni kuingia chumbani kwa mtu usiku na kumlipulia mwanga usoni pasipo kubisha hodi. Sisi wa Mji wa Kale na Lamu, tuliozoea kamera za wageni kutuvizia barazani, tunalijua hilo. Waliopigwa picha hawakuwamo ukumbini usiku ule, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Pamoja na hayo nauliza: leo kila kijana wa Pwani ana kamera mfukoni, na vikundi vya wapiga picha vipo. Je, wanaoalikwa kuzungumza wanatuonyesha machweo ya jua na milango ya nakshi peke yake, au pia mfereji wa maji machafu uliopasuka nyuma ya mlango huo? Mwaka 1891 Riis alifuata mito inayolisha mabomba ya New York, akapiga picha za uchafu ukiingia katika maji ya kunywa, na jiji likanunua ardhi ya kandokando ya vyanzo hivyo. Kazi kama hiyo huku kwetu ingekuwa na pa kuanzia.

Riis alifariki tarehe 26 Mei 1914, Barre, Massachusetts. Hakujiona kuwa mpiga picha, na baada ya miaka michache ya mwanzo aliiweka kamera kando. Vioo vyake vilisahauliwa katika nyumba ya familia hadi miaka ya 1940, mpiga picha Alexander Alland alipovitafuta. Vilipelekwa jumba la makumbusho la jiji la New York, na mwaka 1947 vikasafishwa vizuri na kuonyeshwa kwa umma.