Golgi: Tabibu aliyefariki kabla ya ugunduzi wake kukubaliwa

WENGI waliosomea biolojia katika shule za upili za Kisauni, Mombasa, walikutana na jina Golgi wakichora vifuko bapa vilivyopangana ndani ya seli. Ni wachache waliosimuliwa kwamba mwenye jina hilo alizikwa vifuko hivyo vikiwa bado vinatiliwa shaka.

Camillo Golgi alizaliwa Julai 7, 1843, kijijini Corteno, kaskazini mwa Italia, na kuhitimu udaktari Pavia mwaka wa 1865. Akifanya kazi katika hospitali ya mjini Abbiategrasso, aligeuza jiko kuwa maabara. Humo, mnamo 1873, alibuni njia ya kutia seli za neva weusi kwa nitrati ya fedha, zikaonekana wazi kwenye hadubini.

Pwani yetu ina deni kwake. Mnamo 1885 na 1886 alionyesha kuwa homa ya malaria hupanda wakati vimelea vinapopasua kwa pamoja chembe nyekundu za damu.

Mwaka wa 1898, akichunguza ubongo wa bundi, aliona ndani ya seli umbo kama wavu. Wengi walidai ni doa la dawa tu. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906 pamoja na Mhispania Santiago Ramón y Cajal, alishikilia kwamba neva zote zimeungana kuwa wavu mmoja, dhana iliyothibitika kuwa potofu. Alikosea alipoheshimiwa, akapatia alipobishiwa.

Alifariki Januari 21, 1926. Hadubini ya elektroni ilimaliza ubishi miaka ya 1950, na watafiti kama George Palade, mshindi wa Nobel wa 1974, wakafichua kazi ya vifuko hivyo.

Kazi yenyewe yafanana na ile ya soko la Kongowea, ambako mazao hushushwa, hupangwa na kupakiwa kila moja kwa safari yake. Protini nyingi hupitia kwenye vifuko vya Golgi, zikatiwa alama na kupelekwa kwenye utando, nje ya seli, au kwenye lisosomu, ambamo taka huyeyushwa. Vimeng'enya vya lisosomu vikikosa alama yao, hupotelea nje, taka zikarundikana, na mtoto akazaliwa na maradhi yanayofupisha maisha.

Leo kijiji alikozaliwa tabibu huyo kinaitwa Corteno Golgi.