MAISHA YA MWAMI MUSINGA NA VITA YA 1914 KANDO YA RUZIZI

Darasani tunasoma vita ya 1914: Liège, Marne, Verdun. Tunashika tarehe, tunapata pointi, halafu tunasahau, sababu tunafikiri ni mambo ya Ulaya tu. Kumbe ile vita ilifika mpaka huku mtoni. Ukisimama hapa Mumosho na kutazama ngambo ya Ruzizi, unaona milima ya Rwanda, na kule juu, karibu na ziwa, iko Kamembe. Hapo Wabeleji walimweka kwa miaka kenda mtu aliyekuwa mwami wa inchi nzima. Jina lake Yuhi Musinga. Tumeona vema tuwaeleze maisha yake.

Musinga alizaliwa karibu mwaka wa 1883. Baba yake alikuwa Mwami Kigeri Rwabugiri. Jina la Rwabugiri linajulikana sana hapa Bushi, wala si kwa wema, maana alileta vita huku mara nyingi, na kisiwa cha Ijwi alikiteka. Alikufa 1895 akiwa safarini, katika vita yake ya mwisho juu ya Bushi. Kiti alikipata mwana wake mwingine, Rutarindwa. Mwaka uliofuata askari wa Dola la Kongo, ile ya Leopold wa II, walipiga kambi Shangi, kando ya ziwa. Jeshi la Rwanda likawashambulia kwa mikuki na mishale, nao wakalipiga kwa bunduki. Baada ya haya Rutarindwa alipoteza heshima yake. Desemba 1896, huko Rucunshu, Kanjogera mama yake Musinga na mjomba wake Kabare walimpindua, akafia ndani ya nyumba iliyowaka moto. Basi Musinga akawekwa mwami akiwa na miaka kama kumi na mitatu. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, ni umri wenu huo! Lakini wenye kutawala kwa kweli walikuwa mama na mjomba.

Wadachi, ndio Wajerumani, walifika 1897, wakiongozwa na Kapteni Ramsay. Wakubwa wa Nyanza hawakumwamini mgeni huyu. Wakamwonyesha mtu mwingine, mtu mzima, Mpamarugamba, eti ndiye mwami. Tunaweza kucheka, lakini ilikuwa akili. Baadaye waliona faida ya kupatana, sababu mtu aliyepata kiti kwa damu hakosi adui. Mwaka 1912 mtu mmoja aliyeitwa Ndungutse aliinua watu wa kaskazini juu ya Musinga, na ni Wadachi waliozima maasi yale. Lile lilikuwa deni kubwa. Musinga alijifunza pia kusoma na kuandika Kiswahili, lugha hii hii tunayowaandikia.

Tena kuna jambo la mpaka. Mwaka 1910, huko Bruxelles, Wabeleji, Wadachi na Waingereza walikaa mezani wakagawana inchi zetu. Ruzizi ikawa mpaka, Ijwi ikaenda kwa Wabeleji, na upande wa kaskazini Rwanda ilipoteza sehemu nyingine. Musinga hakuulizwa. Wabashi nao hawakuulizwa, wala watu wa Ijwi wenyewe.

Sasa tufike kwenye vita. Tarehe 4 Agosti 1914 Wadachi waliingia Ubeleji. Ngome za Liège, zilizojengwa kwa beton na chuma, zilivunjwa na mizinga ambayo mdomo wake ulikuwa na upana wa sentimita 42. Huku Afrika wengine walitumaini bado kwamba Kongo itakaa kando, kwa kuwa Mapatano ya Berlin ya 1885 yaliacha njia ya kuziweka inchi hizi nje ya vita za Wazungu. Matumaini hayakumaliza hata mwezi mmoja. Tarehe 22 Agosti meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilipiga mizinga bandari ya Lukuga, pale Kalemie, ikaharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Hapo mambo yakawa wazi kwa kila mtu.

Huko Kigali mkubwa wa Wadachi, Bwana Richard Kandt, alikuwa ameenda Ulaya kwa likizo. Mahali pake alibaki Kapteni Max Wintgens. Askari wake walikuwa wachache sana, na msaada kutoka Dar es Salaam ulikuwa mbali. Bila Musinga asingeweza kitu. Musinga alimpa chakula, ng'ombe, wapagazi, na vijana wa nyumba ya kifalme waliofundishwa kupiga bunduki, walioitwa Indugaruga. Tarehe 24 Septemba 1914 Wintgens alivuka maji na kuiteka Ijwi pamoja na askari waliokuwa wanailinda.

Hapa tuseme mawazo yetu. Wengi wanaandika kama vile Musinga alikuwa kijiti mkononi mwa Wadachi. Sisi hatuoni hivyo. Kwake Ijwi ilikuwa shamba la baba yake lililochukuliwa bila kumwuliza. Wadachi walikuwa na vita yao, na yeye alikuwa na yake, wakatembea njia moja. Lakini watu wa Ijwi, ambao Rwabugiri aliwatawala kwa nguvu, walibadilishiwa bwana tena katika siku moja.

Kwenye Ruzizi yenyewe, Januari 1915, Wadachi walivuka wakashambulia Luvungi. Luvungi si tunaijua sote, ni pale kwenye njia ya Uvira. Walirudishwa nyuma, na kapteni wao Schimmer aliuawa. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka, ngambo moja ilikuwa inavizia ngambo nyingine.

Wabeleji walikuwa wanajikusanya. Mkubwa wao alikuwa Charles Tombeur, na aliyeongoza majeshi ya upande wetu wa Ruzizi alikuwa Olsen, mtu wa Danemark. Kule Ulaya risasi na mikate zilibebwa na treni mpaka karibu na mashimo ya askari. Huku kwetu treni ilikuwa shingo ya mtu. Katika vita yote Wabeleji walitumia wapagazi kama 260.000. Wanaume walichukuliwa vijijini, wakapewa mizigo, wakapanda milima ya baridi wasiyoizoea, wakala chakula kibaya, wakaugua tumbo na mapafu. Wengi walikufa bila kuona adui hata mmoja. Majina ya maofisa yamo vitabuni, lakini ya wapagazi nani aliyaandika? Anayekaa na babu au nyanya aliyesikia habari hizi kwa wazazi wake, amwulize upesi.

Aprili 1916 Olsen alivuka Ruzizi karibu na Shangugu. Kutoka kaskazini alikuja Molitor, aliyeingia Kigali tarehe 6 Mei. Wintgens alikimbia kusini asije akafungiwa katikati. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba.

Na Musinga? Hakukimbia. Alibaki Nyanza, akawapokea Wabeleji. Juu ya neno hili tulibishana sana. Wengine kati yetu walisema ni kigeugeu. Wengine walijibu kwamba mwami akiiacha ngoma yake, ile Kalinga, si mwami tena, basi angeenda wapi? Sisi tunaona hawa wa pili wana haki. Zaidi ya hayo, inchi ilikuwa imekwisha kulishwa majeshi mawili, na njaa ile iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi mno. Si wakati wa mwami kukimbia.

Lakini Wabeleji hawakusahau alisimama na nani. Mwaka 1917 walimwondolea uwezo wa kuua na kuponya. Mwaka 1925 walimfukuza Gashamura, mkubwa wa desturi za kifalme, wakakataza sikukuu ya mavuno. Musinga alikataa ubatizo, na hilo nalo lilihesabiwa kosa. Sisi ni wanafunzi wa shule ya misioni, pengine mtatushangaa, lakini tunasema wazi: ubatizo unaodaiwa kwa kumtisha mtu atapoteza kiti si ubatizo.

Tarehe 12 Novemba 1931, Gavana Voisin, akiungwa mkono na Askofu Classe, alimwondoa. Siku nne baadaye mwana wake Rudahigwa aliwekwa mwami. Musinga akapelekwa Kamembe, ambapo kila asubuhi aliweza kuona ziwa, na ngambo yake nyumba za Bukavu zikiongezeka. Mwaka 1940 Wadachi waliingia Ubeleji mara ya pili. Mwaka ule ule Wabeleji wakamtoa Kamembe, mbali na mpaka, wakamhamisha mpaka Moba, kwenye Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Alikufa huko 1944, na Nyanza hakuiona tena.