Jeff Corey: Alifungiwa milango Hollywood, akawanoa mastaa kwenye gereji yake

Kama umeangalia True Grit ya mwaka 1969, ile ya John Wayne, basi Jeff Corey unamjua hata kama jina ni geni. Ndiye Tom Chaney, muuaji anayesakwa na binti wa marehemu. Mwaka huohuo alikuwa pia Sherifu Bledsoe kwenye Butch Cassidy and the Sundance Kid.

Corey hakuwa steringi. Alikuwa mmoja wa wale jamaa ambao sura unaikumbuka lakini jina hulijui: leo daktari, kesho mfungwa, keshokutwa jambazi.

Alizaliwa Brooklyn, New York, Agosti 10, 1914, akiitwa Arthur Zwerling. Alifika Hollywood mwaka 1940, kisha akatumikia jeshi la majini kama mpiga picha za vita kwenye meli ya USS Yorktown. Aliporudi, kazi zikamiminika: The Killers (1946), Brute Force (1947), Home of the Brave (1949).

Mwaka 1951 mambo yakaharibika. Kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti ilimwita, baada ya mwigizaji mwenzake kumtaja. Kweli, huko nyuma aliwahi kujihusisha na Chama cha Kikomunisti. Njia ya kujinusuru ilijulikana: taja wenzako, rudi kazini.

Akagoma kutaja.

Hakufungwa jela. Simu tu ziliacha kulia. Kwa takriban miaka 12 studio hazikumpa kazi, na nyumbani kulikuwa na mke, Hope, na mabinti wa kulisha. Akafanya kibarua cha kuchimba mitaro. Akarudi pia chuoni, UCLA, kusomea tiba ya matatizo ya kuzungumza.

Halafu akaanza kufundisha uigizaji kwenye gereji ya nyumbani kwake. Hapo ndipo utamu ulipo.

Waliopita mikononi mwake si watu wa mchezo: James Dean, Anthony Perkins, Leonard Nimoy, Jack Nicholson. Mtayarishaji Roger Corman alikaa darasani kama mwanafunzi ili awaelewe waigizaji, akakutana na kijana Nicholson, na mwaka 1958 Nicholson akapata filamu yake ya kwanza, The Cry Baby Killer. Robert Towne naye alikuwa humo. Huyu ndiye aliyekuja kuandika Chinatown (1974), na Nicholson akawa mhusika mkuu.

Zoezi lake moja lilikuwa hivi: wanafunzi wanaongea jambo la kawaida kabisa, huku kila mmoja akitaka kitu kingine asichoruhusiwa kukitamka. Mtazamaji akione machoni, asikisikie mdomoni. Towne alilibeba hilo hadi kwenye uandishi wake.

Kituko ni kwamba studio zilezile zilizokataa kumwajiri zilikuwa zikimpelekea waigizaji wao awanoe. Mikono yake waliitaka, sura yake hapana. Unafiki mtupu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 milango ikaanza kufunguka. Alionekana kwenye The Balcony (1963), Seconds (1966) na In Cold Blood (1967). Mwaka 1969 aliigiza kwenye Star Trek akiwa Plasus, mtawala wa mji wa mawinguni. Aliyesimama mbele yake kama Spock alikuwa mwanafunzi wake, Nimoy.

Kufundisha hakuacha hata baada ya kamera kumrudia. Alifariki Santa Monica, California, Agosti 16, 2002, akiwa na miaka 88.