Seyyid Barghash na Mpaka Uliolindwa na Mgeni

Hapa Dodoma, na katika uwanda wote wa kati tangu Mpwapwa hata Manyoni, wako wengi wanaodhani kwamba habari za Seyyid Barghash bin Said ni habari za Unguja peke yake. Sisi twaona sivyo. Mtawala huyo, aliyefariki Machi 1888, aliigombania nchi hii ya Ugogo mbele ya mataifa makubwa, akaikosa. Yafaa wanachama na wafanyakazi wajue ni kwa nini aliikosa, na ni nani ambaye hakuulizwa neno wakati ilipokuwa ikigawanywa.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao ya enzi yake kutoka Maskati hadi Unguja. Baba alipofariki baharini mwaka 1856, enzi ya Unguja ilishikwa na Seyyid Majid. Mwaka 1859 Barghash aliinuka dhidi ya ndugu yake, akashindwa, kwa kuwa Waingereza walimsaidia Majid kwa manowari na askari wao. Akapelekwa uhamishoni Bombay. Alipopata kiti mwezi wa Oktoba 1870, alikuwa amekwisha kujua kwamba hapana mtu awezaye kutawala Unguja kwa raha ikiwa balozi wa Uingereza hamtaki.

Haki yake tumpe. Alileta maji safi ya mfereji mjini, akajenga Beit al-Ajaib, akanunua meli za kubeba abiria na bidhaa. Lakini pia tuseme kweli: utajiri wa Unguja ulitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na katika pembe za ndovu zilizoteremshwa kutoka bara. Soko la watumwa halikufungwa kwa hiari yake. Lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, baada ya Waingereza kumtishia kwamba kisiwa chake kitazingirwa kwa manowari.

Mwaka 1875 Seyyid alikwenda Uingereza, akapokewa kwa heshima kubwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, manowari za Misri zilifika katika pwani ya Wasomali, zikateremsha askari Barawa na Kismayu. Khedive Ismail alitaka njia ya kutoka bahari hii mpaka kwenye maziwa makuu. Huo ulikuwa ugomvi wa mpaka baina ya dola mbili za Waislamu, juu ya nchi kame ya wafugaji, karibu na mto Juba. Lakini tazameni waliokuwa wakiuendesha. Aliyeongoza manowari za Misri alikuwa Mwingereza, McKillop. Aliyetoa shauri la safari hiyo alikuwa Mwingereza mwingine, Gordon. Na aliyemtetea Seyyid alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk. London ikatoa neno, na mwanzoni mwa 1876 Wamisri wakaondoka.

Seyyid alifurahi, naye alikuwa na sababu. Alirudishiwa miji yake bila ya kupigana vita. Walakini ushindi huo haukuwa wake, kwani ulitoka katika mkono wa mtu mwingine, na mkono utoao ndio uwezao kunyima.

Sasa turudi katika uwanda wetu. Seyyid alidai kwamba enzi yake yafika mpaka maziwa makuu. Alikuwa na mwakilishi Tabora, na misafara ya biashara ilipepea bendera yake nyekundu. Lakini kati ya pwani na Tabora ilikuwapo Ugogo. Msafara uliovuka jangwa la Marenga Mkali baada ya Mpwapwa ulifika kwa Wagogo ukiwa umechoka na kiu. Hapo visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Ugogo walitoza hongo ya nguo, shanga na waya kabla ya kuruhusu watu kupita na kunywa. Burton alilipa mwaka 1857, na Stanley alilipa mwaka 1871. Waarabu walilipa, ijapokuwa walikuwa na bendera ya Seyyid. Basi ni nani aliyekuwa mtawala wa Ugogo? Twaona jibu lake lilikuwa wazi kwa kila mpagazi aliyepita hapo na mzigo kichwani.

Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alifika Usagara na nchi za jirani, akawatia watemi alama katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akazitia karatasi hizo chini ya ulinzi wake. Seyyid akapinga kwa simu. Akampeleka Mathews, jemadari wake Mwingereza, kuchukua hati za watemi wa Kilimanjaro. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Akamtazama rafiki yake wa 1875, naye rafiki akamshauri akubali, maana Uingereza wakati huo ilimhitaji Bismarck katika mambo ya Misri na ya Ulaya.

Ikaundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa kuchunguza mipaka ya Seyyid, na yeye mwenyewe hakuwa na mjumbe ndani yake. Mwishoni mwa 1886 London na Berlin zikapatana. Seyyid akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na miji michache ya kaskazini. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mto Umba hadi ziwa Victoria. Ugogo ikaangukia upande wa Wajerumani. Hati za Kilimanjaro hazikufaa kitu. Mwezi wa Desemba Seyyid akakubali, na baada ya muda usiotimia miaka miwili akafariki.

Jamaa zake wa Oman nao waliyaona mambo kama hayo. Mwaka 1952 askari wa Saudia waliingia katika chemchemi za Buraimi, mpakani mwa jangwa. Sultani Said bin Taimur akakusanya makabila ili awatoe, Waingereza wakamzuia. Maneno yakapelekwa Geneva mwaka 1955, yakavunjika, na Oktoba ya mwaka huo majeshi yaliyoongozwa na maofisa wa Kiingereza yakawatoa Wasaudia. Oman na Saudia zilipatana wenyewe kwa wenyewe juu ya mpaka wao mwaka 1990.

Na Wagogo je? Mpatano wa 1886 waliusikia kwa milio ya bunduki. Mwaka 1890 Peters alipita Ugogo, akakataa kutoa hongo, akaua watu na kuchoma vijiji. Mtemi aliyedhani anadai haki ya kisima chake aliambiwa kwamba nchi ni ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Kosa la Seyyid Barghash halikuwa woga. Aliidai nchi ambayo watu wake hawakuwa pamoja naye, akamtegemea mgeni ailinde, na siku mgeni alipobadili nia hapakuwa na mtu wa Mpwapwa wala wa Ugogo aliyesimama upande wake. Mfanyakazi aliyepata kufungwa na mkataba ulioandikwa yeye hayupo aijua habari hii bila ya kufundishwa.

Mipaka ile ya wageni tumeirithi. Mwezi wa Julai 1964, huko Cairo, viongozi wa Afrika, kwa azimio lililoletwa na Mwalimu Nyerere, walikubali kuiheshimu ili Waafrika wasiuane kwa ajili yake. Na mwaka 1973 Chama kiliamua kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Uwanda ambao haukuulizwa neno mwaka 1886 umekuwa mahali pa kuamulia mambo. Kwa hiyo kila mapatano yanayotiwa saini hapa, yawe ya ardhi, ya maji au ya kazi, hayana budi kuanza kwa kuwauliza wale watakaoishi chini yake.