Frantz Fanon: Daktari aliyekataa akili za watu zipimwe kwa mizani ya kuazima

JINA la Frantz Fanon si geni kwa wengi waliosomea Tanzania. Kitabu chake cha mwisho kilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1970 na kuitwa Viumbe Waliolaaniwa. Wanaomkumbuka humkumbuka kama mpigania ukombozi. Wachache wanajua kuwa kazi iliyompa mkate wake ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili, na kwamba katika ujana wake aliandika tamthilia.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa. Mwaka 1943, akiwa kijana mdogo, alitoroka kisiwani kwenda kupigana upande wa Ufaransa huru dhidi ya Wajerumani. Alijeruhiwa na akapewa nishani. Hata hivyo, jeshini ndiko alikoona kwamba askari mweusi na askari mweupe hawahesabiwi sawa, hata wanapomwaga damu kwa bendera moja.

Baada ya vita alikwenda Lyon, Ufaransa, kusomea udaktari. Huko ndiko alikoandika tamthilia zake mwaka 1949. Hakuzichapisha. Mbili kati yake zilikuja kutoka kitabuni mwaka 2015, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Mwaka 1952 alitoa kitabu chake cha kwanza, Peau noire, masques blancs. Ndani yake alizisoma riwaya kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa. Alichukua kazi za Mayotte Capécia na René Maran, akauliza kwa nini mhusika mweusi anatafuta thamani yake katika macho ya mzungu. Jibu lake lilikuwa kwamba ugonjwa huo hauanzii ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Unaanzia katika jamii iliyomfundisha kujidharau.

Katika kitabu hicho pia alipingana na Octave Mannoni, Mfaransa aliyeishi Madagascar. Mwaka 1950 Mannoni alikuwa ametoa kitabu akieleza tabia za wakoloni na watawaliwa kwa kutumia wahusika wa tamthilia ya Shakespeare, The Tempest, pamoja na ndoto za Wamalagasi. Kwa Mannoni, Mmalagasi alikuwa na hamu ya kumtegemea mtu mwingine tangu kabla mkoloni hajafika. Askari mweusi mwenye bunduki anayemkimbiza mtu ndotoni alikuwa ishara tu ya mambo yaliyofichika moyoni.

Fanon alikataa. Alikumbusha kwamba mwaka 1947 Wamalagasi waliasi, na jeshi la Ufaransa likawaua maelfu kwa kutumia pia askari kutoka Afrika Magharibi. Kwa hiyo bunduki ya ndotoni ilikuwa bunduki ya kweli. Aliyeota aliiona kijijini kabla ya kuiona usingizini.

Ndugu msomaji, nani kati yetu aliyelala kambini asiyelielewa hilo?

Baadaye Fanon alifanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles. Daktari huyo alikuwa mkimbizi kutoka Hispania aliyewahi kutibu wenzake kambini. Tosquelles aliamini kwamba hospitali yenyewe inapaswa kutibiwa kwanza: wagonjwa wafanye kazi, waandike gazeti lao, waigize michezo, waishi kama watu.

Novemba 1953 Fanon alihamia hospitali ya Blida, Algeria. Alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Alianzisha mikutano, gazeti, sinema na maigizo kwa wote. Kwa wale wanawake, mambo yalikwenda vizuri. Kwa wanaume Waislamu, mpango ulianguka. Waliketi kimya.

Wakati huo madaktari wakubwa wa Algiers walikuwa wakifundisha kwamba ubongo wa Mwafrika una kasoro ya asili. Fanon angeweza kuwalaumu wagonjwa na kulala usingizi wake. Badala yake, yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliandika wazi mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao. Walikuwa wamewaletea watu sherehe, nyimbo na michezo ya nchi nyingine. Ndipo ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaalikwa msimulizi wa hadithi. Wagonjwa wakaanza kusema.

Mwaka 1956, pamoja na Charles Geronimi, alieleza jaribio jingine. Wanawake Waislamu walionyeshwa picha na kuombwa watunge hadithi, kipimo kilichotumika sana Ulaya na Marekani. Walitaja vitu walivyoviona tu, hadithi hawakutunga. Wengine wangesema hawana ubunifu. Fanon na mwenzake waliona kwamba picha zile zilitoka katika maisha ambayo wanawake hao hawakuyajua.

Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa hasara ya kupimiwa mzigo kwa mizani ya upande wa pili. Mimi niliielewa niliporejea nchini kuomba kazi ya ualimu. Niliulizwa kwa Kifaransa, lugha ambayo sikuisomea ukimbizini, na ikaandikwa kwamba uelewa wangu ni mdogo. Leo, mtoto aliyetoka kambini anaponyamaza darasani kwangu, simwandiki mzito kabla ya kuuliza swali lilelile kwa lugha anayoiota.

Mwishoni mwa 1956 Fanon alijiuzulu, akisema kwa barua kwamba haiwezekani kutibu watu katika nchi inayowafanya wageni kwao. Januari 1957 alifukuzwa Algeria. Kutoka Tunis alitibu wagonjwa, akaandika katika gazeti la chama cha ukombozi, FLN, na kuwashughulikia wakimbizi wa Algeria waliorundikana mipakani, wakiwamo akina mama waliopatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua. Desemba 1958 alikutana na Patrice Lumumba mjini Accra, na mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana.

Saratani ya damu ilimkuta katikati ya safari hizo. Kitabu chake cha mwisho alikimaliza kwa haraka mwaka 1961, na ndani yake akaweka simulizi za wagonjwa wake, waliotesa na walioteswa. Alifariki Marekani Desemba 6, 1961, akiwa na miaka 36.

Mwili ulirudishwa Tunis, kisha wapiganaji wakauvusha mpaka na kumzika katika ardhi ya Algeria, kama alivyotaka. Uhuru ulikuja Julai 1962. Hakuuona, lakini alikuwa amekwisha kuvuka.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesomea ukimbizini na kurejea nchini.