Sydney Ringer, Tabibu Aliyekiri Kosa Lake

Kila aliyewahi kupasuliwa aijua ile chupa. Hutundikwa juu ya kitanda, ikidondosha tone baada ya tone hadi mshipani. Nami nililala chini yake siku mbili baada ya kupasuliwa ngiri, na kwa kukosa la kufanya nikawa nasoma maandishi yake. Paliandikwa Ringer. Nikadhani ni jina la kiwanda, kumbe ni la mtu.

Sydney Ringer alizaliwa Norwich, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na nduguye Frederick alishika njia hiyo hiyo hadi Nagasaki, Japani, akatajirika huko. Sydney alichagua utabibu. Mwaka 1854 aliingia University College, London, na katika hospitali ya chuo hicho alitibu watu mpaka alipostaafu mwaka 1900.

Nafasi alizopata baina ya wagonjwa alizitumia kuchunguza moyo wa chura: ukitiwa maji ya chumvi, utapiga kwa muda gani? Mwaka 1882 alitangaza matokeo mazuri. Alidhani chumvi ile imechanganywa na maji safi ya mvuke. Kumbe msaidizi wake alikuwa akichota maji ya bomba! Ringer aliporudia majaribio kwa maji ya mvuke, moyo ukalegea upesi.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mwaka 1883 aliandika katika jarida lile lile kwamba alikosea, kisha akaeleza sababu. Siri ilikuwa kalsiamu iliyomo katika maji ya bomba. Bila ya hiyo moyo haukazi. Nayo ikizidi, haulegei sawasawa. Potasiamu ndiyo huleta mizani. Maji yenye madini hayo kwa kiasi chake yakaitwa kwa jina lake.

Ringer alifariki mwaka 1910. Katika miaka ya 1930, Alexis Hartmann, tabibu wa watoto huko St. Louis, Marekani, aliyaongezea laktati ili kupunguza asidi katika damu ya watoto wagonjwa. Ndiyo hayo yatumikayo leo katika vyumba vya upasuaji.

Na kwa nini mpasuliwa atiwe maji? Kwa sababu huingia akiwa amefunga, hali kinywa ki kikavu, kisha kisu kikampotezea damu na maji. Lakini hayatiwi ovyo. Yakipungua, presha hushuka na figo huumia. Yakizidi, mwili huvimba na mapafu hujaa maji. Ndiyo maana wauguzi huandika kila chupa inayoingia na kupima hata mkojo unaotoka.

Haya sikuyajua nilipokuwa kitandani. Nilimtaka muuguzi, binti wa umri wa mwanangu, ayafungulie matone yaende mbio, chupa iishe niondoke zangu. Akakataa kwa adabu. Nikanuna, nikamtolea maneno yasiyomstahili mtu mzima, mimi niliyefunzwa chuoni tangu utotoni kwamba kila kitu kina kipimo chake.

Niliporudi kutolewa nyuzi nilimtafuta, nikamwomba radhi mbele ya wenziwe. Ikiwa bingwa wa London alilikiri kosa la bomba mbele ya ulimwengu mzima, mimi ni nani nishindwe na kosa la ulimi?