Williamson wa Mwadui: Mali ya Kashani na Mali ya Ardhini

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu wasomaji maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye jina lake lingali likitajwa kila inapotajwa Shinyanga. Hatukusudii kumsifu wala kumlaani. Twamtaja kwa sababu maisha yake yana ndani yake somo la hesabu, nalo ni somo ambalo kila mtumishi wa Serikali aliyekabidhiwa kalamu ya kutia saini katika mikataba ya mali ya umma hana budi kulifahamu.

Mtu huyo ni John Thoburn Williamson. Alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akiwa na nia ya kusomea sheria, lakini safari moja ya masomo katika nyika za Labrador ilimgeuza, akaishika elimu ya miamba na hakuiacha tena. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari katika elimu hiyo. Kisha akaja Afrika, akafanya kazi kusini, na hatimaye akafika Tanganyika, kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini ya mji wa Mwanza.

Machimbo ya Mabuki yalikuwa madogo, na kampuni iliyoyamiliki ilichoka mapema. Wenyewe walipokata tamaa, Williamson hakukata. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Almasi ndogondogo zilizotapakaa katika mchanga wa Usukuma hazikushuka kutoka mbinguni. Lazima pawepo mahali zilipotoka, yaani shina la mwamba lililopanda kutoka kina cha ardhi. Basi akaanza kulitafuta shina hilo kwa fedha zake mwenyewe, na fedha hizo zilikuwa haba. Kwa miaka kadhaa alizunguka Shinyanga na jirani zake akiwa na wafanyakazi wachache wa Kiafrika, ambao majina yao wakoloni hawakuona haja ya kuyaandika. Alipatwa na malaria mara kwa mara, na madeni yakamzidi.

Aliyemwokoa alikuwa I. C. Chopra, wakili wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, aliyempa fedha za kuendelea na kazi na kwa ajili hiyo akapata sehemu katika mradi wake. Tarehe 6 Machi, 1940, shina la mwamba likaonekana Mwadui. Watu husimulia mambo mengi juu ya siku ile, wengine wakisema kwamba almasi ya kwanza iliokotwa chini ya mbuyu. Lililo na hakika ni kwamba mwamba wa Mwadui ni miongoni mwa miamba ya almasi iliyo mikubwa kabisa duniani, ukiwa na eneo la hekta zipatazo 146 juu ya uso wa ardhi.

Tangu hapo mambo yakabadilika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ijapokuwa mitambo ilikuwa adimu, mgodi ulijengwa na kukua. Pakatokea mji wenye hospitali, shule na kiwanja cha ndege, uliozungushiwa uzio. Mwaka 1947 iliokotwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, na Williamson akampa zawadi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ilipokatwa ilibaki na karati 23.6. Mali iliyotoka katika ardhi ya Wasukuma ikawa pambo la kifalme, na wavuja jasho walioichimbua wakabaki na ujira wa siku. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa ukoloni, na sisi hatuna haja ya kuupamba.

Hata hivyo, tukio tulitakalo hasa si zawadi ile. Ni kasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Williamson aligombana na umoja wa wauzaji uliokuwa chini ya De Beers, ambao karibu almasi yote ya dunia ilipita mikononi mwake. Umoja huo ndio uliopanga bei na kiasi cha kuuza. Williamson hakuridhika na masharti, akakataa kuuza. Almasi zikaendelea kuchimbwa, kuoshwa na kupangwa, kisha zikawekwa akiba Mwadui. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa kampuni ilikuwa yake yeye na watu wake wachache; hapakuwa na wanahisa wa mbali wa kumshurutisha agawe faida kila mwaka. Hatimaye pande mbili zikapatana. Kasha lililojaa likawa silaha katika majadiliano.

Sasa tujiulize: kama mtu angetaka kuinunua kampuni ile siku zile, angeipimaje thamani yake? Hapa yafaa tumlete mtu mwingine, naye pia marehemu. Benjamin Graham alizaliwa London mwaka 1894 na kukulia Marekani, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1934, pamoja na mwenziwe David Dodd, alitoa kitabu kikubwa juu ya kupima hisa. Ulikuwa wakati wa mporomoko mkubwa wa uchumi, na katika soko la New York makampuni mengi yalikuwa yakiuzwa kwa bei iliyo chini ya fedha na bidhaa zilizomo katika maghala yao. Graham akafundisha kipimo cha mtu mwenye hadhari. Chukua mali ya mzunguko peke yake, yaani fedha taslimu, madeni ambayo kampuni inawadai wateja, na bidhaa ghalani. Usihesabu jengo, mtambo, wala sifa njema. Kisha toa madeni yote ambayo kampuni inadaiwa, ya karibu na ya mbali. Kinachobaki ndicho mtaji halisi wa mzunguko. Ukiweza kuinunua kampuni kwa theluthi mbili tu ya kiasi hicho, basi umenunua kwa salama, na mitambo umeipata bure.

Waliopita chuoni hawataiona hesabu hii kuwa ngeni. Sote tulifundishwa kwamba mali ya marehemu haigawanywi kwa warithi kabla ya kulipa gharama za mazishi na madeni yake. Mrithi hana haki katika sanduku mpaka wadai wamalizwe. Kilicho kipya kwa Graham ni kulitumia jambo hilo kwa kampuni iliyo hai, na kuthubutu kuihesabu kana kwamba imekufa.

Wala bidhaa ghalani haihesabiwi kwa bei ya matumaini. Fedha taslimu huhesabiwa kamili, lakini madeni tunayodai hupunguzwa, kwa kuwa wadaiwa wengine hawalipi. Na bidhaa hupunguzwa zaidi, kwa kuwa anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara. Sisi wa Visiwani twajua jambo hili kutokana na karafuu. Gunia lililo ghalani ni mali, lakini thamani yake inategemea mnunuzi, na mnunuzi akiwa mmoja, bei ni yake. Ndivyo ilivyokuwa almasi ya Mwadui. Kasha lilikuwa na mali nyingi, lakini mlango wa soko ulikuwa mmoja na ufunguo wake ulikuwa London.

Katika siku zetu hizi kipimo cha Graham kimezuka tena mahali ambapo mwenyewe asingepatazamia: katika hisa za makampuni ya bioteknolojia, yaani yale yanayotafuta dawa mpya kwa elimu ya viumbe. Mwaka 2022 hisa za makampuni hayo zilipoporomoka huko Marekani, mengi yao yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya fedha zilizomo benki. Wako waliokimbilia kununua, wakiamini kwamba wamepata shilingi kwa senti sabini. Katika soko letu la Dar es Salaam hakuna hisa za namna hiyo, lakini dunia imekuwa ndogo, na akiba za watu wetu, hasa walio ughaibuni, zaweza kufika huko.

Tutoe mfano wa kubuni. Kampuni ya dawa ina shilingi milioni 100 benki na inadaiwa milioni 20. Mtaji wake halisi ni milioni 80. Theluthi mbili yake ni kiasi cha milioni 53, na hisa zote zinauzwa kwa milioni 50. Kwa kipimo cha Graham ni rahisi. Lakini kampuni hiyo haina bidhaa ya kuuza. Kila mwaka inatumia milioni 40 kwa wataalamu na majaribio. Mwaka mmoja ukipita, mtaji halisi ni milioni 40, na aliyenunua kwa 50 amekwisha kupata hasara kabla dawa haijajulikana kama inaponya au haiponyi. Ghala la karafuu halijili lenyewe kwa kasi hiyo. Kasha la kampuni ya dawa linajila kila mwezi. Kwa hiyo anayepima hisa za namna hii hana budi kuuliza mambo mawili ambayo daftari la mwisho wa mwaka halimwambii mara moja: fedha zinatoka kwa kasi gani, na je, wakuu wa kampuni wako tayari kusimamisha kazi na kurudisha kilichobaki kwa wenye hisa matumaini yakikatika?

Williamson wa kabla ya mwaka 1940 alikuwa kama kampuni ya dawa. Hakuwa na bidhaa. Alikuwa na elimu, hoja, na mfuko uliokuwa ukipungua kila mwezi. Kwa mizani ya Graham asingestahili hata senti moja, na Chopra alipomkopesha alikuwa akinunua kitu kisichomo kashani. Mizani hiyo basi inapima kilichopo, haioni kilichofichwa. Mgodi wa Geita nao ni ushahidi. Ulichimbwa tangu mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966 kana kwamba umekwisha, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya ambao umekuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu katika Afrika. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na kitu kashani, na dhahabu ilikuwa ardhini siku zote.

Williamson alifariki Mwadui mwezi Januari 1958 kwa maradhi ya saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50, bila ya mke wala mtoto, akazikwa huko huko. Katika mwaka ule ule warithi wake waliuza mgodi kwa kiasi cha pauni milioni 4, nusu ikawa ya De Beers na nusu ya Serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Yule aliyemkatalia De Beers kwa kasha lililojaa, kampuni yake iliingia mikononi mwa De Beers kabla ya mwaka kwisha. Watu wa Shinyanga hawakuulizwa. Mgodi uliouzwa siku ile umekwisha kutoa zaidi ya karati milioni 19 tangu ulipogunduliwa.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1994 De Beers ilishika asilimia 75 na Serikali yetu asilimia 25. Mwaka 2009 kampuni ya Petra Diamonds ilizipata zile asilimia 75 kwa dola milioni 10 za Kimarekani. Mwezi Septemba 2017 furushi la karati zaidi ya 71,000 lilizuiwa Dar es Salaam kwa sababu Serikali iliona kwamba thamani iliyoandikwa ilikuwa ndogo kuliko thamani halisi. Ugomvi ule ulikuwa ni ule ule wa kasha: nani mwenye haki ya kusema bidhaa iliyo sandukuni ni ya bei gani? Makubaliano ya Desemba 2021 yaliweka hisa za Serikali kuwa asilimia 37. Mwezi Novemba 2022 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi ukabomoka na kuharibu mashamba na makazi ya wanavijiji. Hapo ndipo lilipoonekana deni ambalo halikuwa limeandikwa kwa ukamilifu katika daftari lolote, yaani wajibu wa kampuni kwa jirani zake. Mwaka 2025 Petra ikakubali kuuza sehemu yake kwa bei isiyozidi dola milioni 16.

Sisi twaona kwamba yako mafunzo matatu. La kwanza, anayeuza au kununua hisa za umma aanze na kasha: ahesabu fedha, bidhaa na madeni, na bidhaa ipimwe na wapimaji wetu wenyewe. Nchi isiyo na mpimaji wake wa almasi ni sawa na mkulima wa karafuu asiye na mizani. La pili, madeni yaandikwe yote, pamoja na bwawa, shimo litakaloachwa, na afya ya wafanyakazi. La tatu, kile kilicho ardhini kisiuzwe kwa bei ya kilicho kashani. Mwananchi binafsi anayetafuta usalama wa akiba yake afuate hadhari ya Graham, naye hatajuta sana. Lakini dola haiwezi kujipima kwa kasha peke yake, kwa kuwa yenyewe ndiyo mwenye ardhi, na ardhi ni amana ya wale ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara na mashirika, wa Bara na wa Visiwani, kila linapoletwa mezani pendekezo la kuuza au kununua hisa, watake kuandikiwa hesabu mbili katika karatasi mbili: moja ya kilichopo, na nyingine ya kinachotumainiwa. Zikichanganywa katika karatasi moja, hapo ndipo mali hupotea bila ya habari.